Dizaina chipukizi, nani anakwambia ukweli nyumbani?

  

Mwezi huu nilipanga kuandika juu ya wanandoa wanaofanya biashara moja. Mada hiyo nimeiweka pembeni kwanza, sababu ni ujumbe niliotumiwa na kijana mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Kajifundisha mwenyewe kazi ya udizaina, na kwa miezi minane sasa anatengeneza kadi, mabango na nembo za watu. Anasema mwanzoni alikuwa halali kwa raha ya kazi, siku hizi akifungua kompyuta anasikia uvivu mpaka kwenye vidole. Akiangalia kazi za wenzake anaona za kwake takataka. Na kubwa kuliko yote, mchumba wake, ambaye ana ajira na mshahara unaoingia kila mwezi bila kukosa, juzi kamwambia, "Mpenzi, hivi utatafuta lini kazi ya maana?" Ananiuliza, dada, nifanye nini ili moyo urudi?

Mdogo wangu, ujumbe wako niliusoma nikiwa jikoni, nikaunguza maharage. Hilo neno "kazi ya maana" na mimi nililisikia, tena kutoka kwa mama mkwe, mbele za watu, sahani ya pilau mkononi. Kwa hiyo sitakupa zile nasaha za "amini ndoto zako". Nitakusimulia kilichonikuta mimi, halafu tutaongea kuhusu mchumba wako.

KADI ZA WIFI

Mwezi wa tatu mwaka 2014 mkataba wangu wa ukarani kwenye ofisi moja pale mjini uliisha na sikuongezewa mwingine. Nikabaki nyumbani na laptopu ya mtumba, programu ya CorelDRAW niliyowekewa na binamu yangu, na kiherehere. Nikaanza na kadi za mchango. Kwetu hapa harusi haianzi kanisani wala msikitini, inaanza na kikao cha kamati na kadi za mchango, ndipo zinafuata za kicheni pati, za sendofu, na mwisho za mwaliko, zile za mtu mmoja na za watu wawili. Kwa dizaina anayeanza, hiyo ni shule isiyo na ada. Kazi tatu za kwanza nilifanya bure, ya nne nikalipwa elfu kumi na soda.

Mwaka huohuo wifi yangu, mdogo wake mume wangu, akawa anaolewa mwezi wa kumi na mbili. Kwenye kikao cha kwanza tu nikanyosha mkono: kadi za mwaliko niachieni mimi, kamati ilipie kuchapa tu. Nilikuwa na miezi tisa kwenye fani. Nilijiona nimeshafika.

Jamani, ile kadi! Ilikuwa na maua kwenye pembe zote nne, njiwa wawili, pete, picha ya maharusi, na aina tano za herufi. Ikabaki nafasi tupu kidogo chini kulia, nikaona aibu kuiacha hivihivi, nikapachika glasi za shampeni. Rangi ya sare ilikuwa bluu, ile bluu inayowaka, na kwenye kioo changu iliwaka kweli. Nikampelekea mume wangu aione. Yeye ni mwalimu wa hesabu sekondari, usiku ule alikuwa anasahihisha madaftari. Akainua macho, akasema, "Nzuri sana mke wangu," akarudi kwenye madaftari yake. Nikalala na furaha.

Zikachapwa kadi 300. Nilipofungua boksi la kwanza nilidhani wamenipa mzigo wa mtu mwingine, maana zilikuwa zambarau. Si bluu iliyofifia, hapana, zambarau kabisa kama mbilingani. Wifi aliponyooshewa moja aliitazama muda mrefu, akasema, "Si mbaya, wifi." Mwenye wifi anajua sentensi hiyo ina uzito gani.

Nikajipa moyo kwamba rangi watu watazoea. Jioni katibu wa kamati akanipigia. "Shemeji, samahani. Jumamosi ni tarehe 13. Kadi inasema Jumamosi tarehe 14."

Nikafungua kalenda ya ukutani na mikono inatetemeka. Desemba 2014, Jumamosi ni tarehe 13. Kadi 300, harusi imebaki wiki tatu, fungu la kuchapa limekwisha. Nikamwambia shemeji yule kwa sauti ya kijasiri, "Usijali, nitashughulikia."

Nilivyoshughulikia ndiyo siri niliyoikalia wiki saba. Nyumba yetu tulikuwa tunalipa kodi kwa miezi sita, laki moja na nusu kwa mwezi, jumla laki tisa, na tarehe ya kulipa ilikuwa ndani ya Januari. Hela yote ilikuwa tayari kwenye bahasha kabatini, chini ya mashuka. Nikachomoa laki tatu na elfu themanini. Kichwani nikajiambia kuna mteja wa kalenda ataniletea laki nne kabla ya mwaka mpya, nitarudisha na chenji itabaki.

MZEE WA MASHINE

Safari ya pili sikurudi pale nilipochapisha mwanzo. Nikaelekezwa Kariakoo, kwa mzee mmoja mwenye mashine yake kwenye chumba cha nyuma ya duka la madaftari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete tuone."

Akafungua faili langu, akalivuta karibu, akalisogeza mbali. Akauliza, "Hii kakutengenezea nani?" Nikasema mimi mwenyewe. Hakucheka. Akavuta kiti cha pili, akanikalisha. Mpaka leo namwombea dua.

"Mwanangu, rangi ya kwenye kioo ni taa," akaniambia. "Hii ya kwangu ni wino."

Kumbe ndiyo mwanzo wa elimu yote. Kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine ya kuchapia inachanganya wino wa samawati, wa majenta, wa njano na mweusi. Zipo rangi ambazo taa inaziweza na wino hauziwezi, na ile bluu inayowaka ni mojawapo. Programu ikiibadilisha yenyewe inaijaza majenta, na majenta ikikaribiana na samawati unapata zambarau. Mzee akanionyesha dawa: chagua mfumo wa rangi za wino tangu siku unapofungua ukurasa, na kwenye bluu hakikisha majenta imebaki nyuma ya samawati kwa asilimia 30 hivi. Akanionyesha kwamba rangi ya pembeni lazima ipitilize mstari wa kukatia kwa milimita 3, la sivyo kisu kikiyumba kidogo kadi inabaki na ukingo mweupe kama kucha. Akanionyesha picha ya maharusi, niliyoipata kwa WhatsApp, imeshabanwa na kupunguzwa, wakati mashine inataka nukta 300 kwa kila inchi. Pale nilipoona sura ya wifi, yeye aliona ukungu.

Nilikaa pale saa mbili. Kwenye laptopu yangu, miezi tisa, nilikuwa sijajifunza kiasi kile. Na hapa nikuulize, mdogo wangu, katika miezi yako minane umekaa mara ngapi karibu na mashine inayochapa kazi zako? Wadizaina wengi chipukizi wanatuma faili kwa barua pepe, wanasubiri boksi, wanashangaa. Nenda. Beba chapati na chai ya kwenye chupa, simama pembeni, uliza. Wale mafundi wanajua mambo ambayo video za kwenye simu hazikuambii, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kadi zikatoka bluu. Harusi ikafana, ikapita.

BAHASHA YA KODI

Mteja wa kalenda hakulipa Desemba. Hakulipa Januari. Jumamosi moja asubuhi mwenye nyumba akabisha hodi, mume wangu akamkaribisha, akaenda kabatini, akarudi na bahasha na kuanza kuhesabu pale mezani.

Mwalimu wa hesabu hakosei kuhesabu. Akahesabu mara moja. Akahesabu mara ya pili, polepole. Laki tano na elfu ishirini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai cha mgeni, nacho kilikuwa kinagonga kwenye kisosi. Akanitazama, akaelewa, akageuka kwa mwenye nyumba na kumwambia, "Mzee, naomba wiki mbili, kuna hesabu haijakaa sawa." Hakunitaja.

Usiku ndio nikamweleza yote. Nilitegemea makelele, na kusema kweli makelele ningeyaweza. Alikaa kimya muda, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea hata kidogo.

"Hela imeniuma. Kunificha kumeniuma zaidi. Lakini ile kadi ulinionyesha. Nikasema nzuri. Wala sikuisoma."

Wapenzi wasomaji, mimi nilikuwa najilaumu kwa tarehe, kwa rangi, kwa bahasha. Sikuwahi kufikiria kwamba lile neno "nzuri" nalo lilikuwa na mkono wake. Alisema nzuri kwa sababu ananipenda na alikuwa amechoka. Nami nilimwonyesha ili anisifie, sikumwonyesha ili aikague. Tulikuwa tumedanganyana kwa adabu, kila mtu kwa upande wake, na gharama yake ilikuwa kodi ya nyumba.

Zile wiki mbili alikopa kwa mwalimu mwenzake. Deni lile lilitusindikiza mpaka mwezi wa sita, na kuna Jumapili tulikula ugali na mchicha tukiwa tumevalia vizuri kama watu wanaotoka hotelini. Mnaoanza sasa hivi msidhani nasimulia kwa sababu ilikuwa raha.

KALAMU NYEKUNDU

Tangu usiku ule tukawekeana utaratibu. Kazi yoyote kabla haijaondoka nyumbani inapita kwa mwalimu. Namkabidhi simu au karatasi, nahesabu moja mpaka tano, nampokonya. Halafu namuuliza: nani anaoa? Lini? Wapi? Akishindwa kujibu, kadi imeshindwa, hata kama maua yake ni mazuri namna gani. Mara ya kwanza alikumbuka njiwa tu. "Kuna ndege," akasema. Nilinuna nusu saa. Nikarudi kwenye kompyuta, nikawafukuza ndege, nikakuza majina. Mara ya pili akajibu yote matatu.

Baada ya hapo anachukua kalamu nyekundu ya madaftari na kusoma neno kwa neno, kuanzia mwisho kurudi mwanzo, maana ukisoma kwa mfuatano wa kawaida jicho linarukia kile linachotegemea kukiona. Tarehe anazilinganisha na kalenda. Namba za simu anazipiga. Siku ya kwanza alipata makosa saba kwenye kadi moja ya mchango, akaniwekea na alama kabisa: 13 kati ya 20. Nikacheka mpaka machozi, na nilikuwa sijacheka juu ya kazi hiyo tangu Novemba.

Wewe mwenye mchumba au mume dizaina, nisikilize hapa. Huna haja ya kujua lolote kuhusu herufi na rangi. Mwambie ulichokiona kwanza, na ulichokitafuta ukakikosa. Basi. Usimwambie "nzuri" kama hujasoma, na usimwambie "mbaya" bila kuonyesha kidole ni wapi. Na wewe dizaina ukiambiwa, ziba mdomo. Ukianza kueleza ("hapo nilimaanisha hivi"), kumbuka kwamba kadi ikishafika kwa mgeni, wewe hutakuwepo sebuleni kwake kueleza.

SANDUKU LA MAMA

Sasa nirudi kwenye lile swali la moyo kurudi, maana kalamu nyekundu inakuonyesha kosa, kazi ya kukua unabaki nayo mwenyewe. Kilichonitoa kwenye maua na njiwa kilikuwa sandukuni kwa mama yangu mzazi.

Nilikwenda kumsaidia kukunja nguo. Nikiwa na khanga mkononi, nimeinyosha kwa mikono miwili, nikaona kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote bila kukitazama. Khanga ina pindo linalozunguka pande zote nne. Ndani yake kuna mji. Na chini ya mji, kwenye kisanduku chake, kuna jina, mstari mmoja wa herufi kubwa. Vitu vitatu, kila kimoja kinajua kazi yake na hakuna kinachomwingilia mwenzake. Pindo linakusanya jicho lisitoke nje, mji unalivuta katikati, jina linasubiri mwisho. Mwanamke akiwa amejifunga anatembea mbele yako, mbona jina unalisoma? Hakuna aina tano za herufi pale. Hakuna glasi za shampeni.

Mimi nilikuwa nahangaika kutafuta siri ya mpangilio kwenye kazi za Ulaya na Marekani, kumbe nimebebwa mgongoni nayo. Na si kitu cha jana. Mombasa, lile duka la Kaderdina Hajee Essak ambalo wengi mnalijua kwa maandishi ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887. Zamani majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi za Kilatini, na bado pindo, mji na jina vikabaki mahali pake.

Nikamwomba mama sanduku zima. Kila usiku watoto wakishalala, saa moja tu, nachora upya khanga moja kwenye kompyuta. Siuzi, siweki popote, najifunza tu. Napima pindo lina upana gani ukilinganisha na mji, nahesabu rangi (nyingi zina mbili au tatu tu, nikakumbuka zangu kumi na moja), naangalia jina limeachiwa nafasi kiasi gani kulia na kushoto. Nilipozimaliza za mama nikahamia kwenye pakiti za chai, maboksi ya viberiti, vibao vya saluni vilivyochorwa kwa brashi. Kuna usiku nilikuwa sina moyo hata kidogo, nikakaa tu kwa sababu saa imefika. Cha ajabu, mara nyingi ule moyo ulikuja dakika ya ishirini, baada ya mkono kuanza. Mimi nilikuwa nausubiri uje kwanza ndipo nikae. Nadhani ndipo ulipo na wewe sasa, unasubiri mgeni ambaye anakuja nyumba ikishafagiliwa.

Programu isikupe kisingizio. GIMP ipo bure tangu 1996, Inkscape tangu 2003. Na kama unatumia Canva, ambayo ilianza 2013, sawa, ila usiridhike na kubadilisha majina kwenye kadi aliyoipanga mtu mwingine. Ipangue, uone kwa nini aliweka vile.

Kuhusu kuangalia kazi za wenzako saa saba usiku ukiwa umelala chali na simu usoni: acha. Unalinganisha mazoezi yako na kazi bora ya mtu aliyeanza miaka kumi kabla yako, tena kaichagua katika mia. Mimi nina folda niliyoipa jina la Aibu. Kila kazi yangu ya zamani imo, na tarehe. Siku nikijisikia hovyo naifungua, naanza na kadi ya wifi. Kukua kwangu nakupima hapo, kutoka Aibu ya mwaka jana mpaka kazi ya leo. Ile ya zambarau nimeichapa na kuibandika ukutani, mbele ya kiti changu.

ELFU KUMI NA SODA

Kuna hadithi moja wadizaina wanapenda kusimuliana. Mwaka 1971 mwanafunzi wa Portland State University kule Marekani, Carolyn Davidson, alichora ile alama ya Nike na kulipwa dola 35. Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, mwanzoni wala hakuipenda sana. Mwaka 1983 wakamwita, wakampa pete yenye alama ile na hisa za kampuni.

Hadithi tamu, ila tafadhali usiitumie kujifariji kila unapopunjwa. Wateja wako wengi hawatakuita miaka kumi na mbili baadaye na pete. Kuchoka kwingine, mdogo wangu, si kukosa hamasa, ni kufanya kazi bila kulipwa. Moyo unakufa kwa kufukuzia elfu ishirini ya mtu wiki tatu, na kwa kurekebisha bango moja mara kumi na moja kwa sababu kila mwanakamati ana rangi yake. Mimi baada ya yule wa kalenda (alilipa mwezi wa tano, nusu, na nusu nyingine namwachia Mungu) niliweka masharti: nusu ya malipo kwenye simu kabla sijafungua ukurasa, marekebisho mawili yamo kwenye bei, la tatu linalipiwa, na maagizo yanatoka kwa mtu mmoja, si kwa kamati nzima. Na mteja anasaini kwamba amesoma tarehe. Wateja wanne wakanikimbia mwezi wa kwanza. Waliobaki walinilipa zaidi ya wote wale kwa pamoja.

NA MCHUMBA JE?

Ujumbe wako ulimlalamikia kidogo, nimeona. Eti haamini kipaji chako. Mimi sidhani kama anauliza habari za kipaji. Binti ana mshahara, anafikiria kodi, anafikiria mahari, anafikiria mtoto akija. Wewe unamjibu kwa ndoto, yeye anataka tarehe na namba. Umewahi kumwonyesha daftari la mapato? Au ndiyo kama bahasha yangu, linakaa chini ya mashuka?

Kaeni chini, zimeni televisheni. Mwambie umeingiza kiasi gani kila mwezi katika hiyo minane, hata ule mwezi wa sifuri. Mwambie unadaiwa nini. Halafu mpange pamoja muda, tuseme miezi sita, na kiasi ambacho lazima kiwe kinaingia ifikapo mwisho wake. Kisipofika, unatafuta ajira ya mchana na udizaina unabaki wa jioni na Jumamosi. Najua hapo umekunja uso. Mimi mwenyewe mwaka 2015 nilirudi kufanya kazi ya nusu siku dukani kwa shangazi yangu, miezi saba, nikiuza vitambaa. Asubuhi vitambaa, usiku khanga. Ndicho kipindi nilichokua kuliko vyote, kwa sababu nilikuwa sikubali tena kila kazi ya ovyo kwa njaa.

Halafu mwombe akusomee kazi moja kwa wiki. Sekunde tano, maswali matatu. Atakapokwambia "nimeona ndege tu", usinune zaidi ya nusu saa.

Wifi? Wifi yupo, ndoa yake imetulia, alhamdulillahi na haleluya, maana ukoo wetu mchanganyiko. Mwezi uliopita alikuja nyumbani, mwanawe wa kwanza anapata kipaimara na anataka kadi. Nikampa kazi ikiwa imekamilika: pindo jembamba, jina la mtoto katikati, bluu inayowaka kadiri wino unavyoweza. Akaipokea, hata hakuiangalia rangi. Akasimama, akaenda moja kwa moja kwenye kalenda ya ukutani, akaweka kidole, akahesabu kwa sauti.

"Wifi," akasema bila kugeuka, "Jumapili hii una uhakika nayo?"

Mwalimu akaweka kalamu nyekundu mezani, akatoka nje kucheka.

Tukutane mwezi ujao, nitarudi na ile mada ya wanandoa na biashara moja, maharage yakiruhusu.